TFC za batu njo zilinifundisha kazi ya vitabu

Kila mara nikisema kama niko nafanya kazi ya vitabu, batu bananiulizaga kitu kimoja tu: umeandika kitabu gani? Sijaandika hata kimoja jamani. Mi ni musahihishaji, ule mutu mwenye anatafutaga fote, njo kusema makosa, mbele kitabu kiende ku imprimeri kwenye banachapisha, na hapa Bukavu ile kazi sikuipata ku shule, niliipata ku sekretaria publiki, kale kaduka ka karibu na ISP, shule kubwa ya walimu, kenye mashini mbili, emprimanti moja, na kelele ya grupu ya umeme kila umeme ukikatika.

Banafunzi banafika na TFC, ile kazi ya kumaliza masomo, yenye bameandika na biki, weye unaingiza ku mashini, banakulipa kwa ukurasa. Njo kusema banalipa vidole, kusoma hakuna mwenye analipa. Lakini mi nilikuwa nasoma, siwezi andika kitu bila kukisoma, na siku moja nikaambia kijana mumoja kama mwandishi mwenye anamutaja ku ukurasa wa 12 hayuko ku bibliografia yake, akashituka, juu defansi, siku ya kutetea TFC mbele ya balimu, ilikuwa kesho yake. Akaenda kuambia benzake. Kuanzia pale masahihisho ikakuwa na bei yake pembeni.

Mwenye alinipa ufundi wenyewe ni papa mumoja, mwalimu wa zamani, alikuwaga anakuja kufotokopi. Aliniona vile nasoma mbiombio akasema, "Mutoto wangu, macho inasomaga chenye inajua, hapana chenye kiko pale." Akanionyesha: unaweka rula, unaanza na mustari wa mwisho unapanda juu, ile ni ya kutafuta fote za maneno tu, kisha unasoma tena kuanzia juu sasa ya kuelewa, na mara ya tatu unaangalia majina, tarehe na vichwa peke yake. Ile ya tatu niliirukaga. Mpaka kitabu kikatoka nakala 100 na jina la mwandishi ku kifuniko limekosa herufi moja. Hakupiga kelele, aliangalia tu kile kifuniko, na mi njo nilitoa franga ya kuchapisha vifuniko vingine.

Kuna vitu vingine hakuna mwenye atakuambia. Kifaransa kinaachaga nafasi mbele ya alama ya kuuliza, vitabu vya Kiswahili vya Nairobi na Dar es Salaam haviachi, sasa ukiwa na kitabu cha lugha mbili ni lazima uamue siku ya kwanza na uandike ku karatasi, la sivyo ku ukurasa wa 80 hukumbuki tena ulifanya nini. Na jifunze kidogo ya imprimeri. Rafiki yangu alikuwa na mashairi yake kurasa 50, akafikiri ni 50, kumbe karatasi kubwa wanaikunja inatoa kurasa 16, kwa hiyo ni 48 ao 64. Tulikaa usiku muzima tunabishana ni shairi gani litoke (alikatala yote). Mwisho tukaunganisha mawili ku ukurasa mumoja, tukatoa ukurasa wa shukrani, dada yake hajasamehe mpaka leo.

Ingine: mutu akikuambia yeye ni editeri, mwenye kutoa vitabu, kisha anakuomba weye mwandishi ulipe kila kitu, anakuuzia huduma tu. Haiko mbaya, mradi umejua na umesoma kontra (mkataba) yote, sana sana pale panasema haki zinabaki kwa nani.

Mi sasa silipishi tena kwa ukurasa. Batu balijua nahesabu kurasa, banaleta romani, ile hadithi ndefu, yenye herufi za saizi 8, mistari imebanana kama abiria ba ku taxi, eti "ni kurasa 60 tu yaya". Nafungua fayili mbele yao, nahesabu maneno, tunaanzia pale.