Bahari ya wapi hii?

Hii ilikuwa 2014 nipo Bagamoyo, nimekaa mchangani karibu na soko la samaki na boksi la rangi za maji ambalo ndo kwanza nimelinunua, nalionea fahari balaa. Maji yamekupwa, mashua zimelala ubavu. Nikakamua bluu kwenye tyubu, nikaishusha bahari nzima kwa brashi moja, nikajiona fundi.

Pembeni kuna babu anashona wavu, shikamoo nilishampa asubuhi. Akainuka akaja kuangalia.

"Mwanangu, bahari ya wapi hii?"

"Si hii hapa babu."

Akacheka, akanyoosha kidole kaskazini. "Mto Ruvu unamwaga tope lake kule, mvua yote ya bara inaishia kwetu. Bluu ya hivyo kaitafute Unguja."

Nikayaangalia maji, maana kusema kweli nilikuwa sijayaangalia, nachora bahari ya kichwani tu. Chai ya maziwa kabisa, kule mbali ndo inaingia kijivu.

Karatasi ya pili. Altramarini kidogo, ile bluu iliyokolea, na siena ya kuchomwa kidogo, ile kahawia inayoelekea uchungwa, hizi mbili zikikutana zinamalizana nguvu inatoka kijivu tamu (nyeusi ya tyubu mi naona inaua picha, bishana na mimi ukitaka), ukizidisha siena unapata tope la Ruvu lenyewe. Zamani ningetia na ya tatu na ya nne, ikawa uji. Halafu altramarini ina chenga, ukiiacha itulie zinashuka kwenye vishimo vya karatasi, unaona maji kama yana udongo ndani yake. Tanga la jahazi lililokuwa linapita mbali sikuligusa, nikaacha weupe wa karatasi.

Mashua ya babu ilikuwa na mstari wa kijani. Nikachanganya bluu na njano nikaupiga, ukiwa mbichi unang'aa kweli.

"Eee, hapo sawa," akarudi kwenye wavu wake.

Robo saa jua limeshakausha kila kitu, babu huyo tena, akainama, akanuna. Rangi za maji zikikauka zinapauka, mi najua, yeye atajulia wapi.

"We kijana, mashua nimeipaka juzi tu, ushanichakazia?"

Ikabidi nipige kijani mkono wa pili, kasimama hapohapo ananisimamia.