Kumbukumbu ya mradi: naifuata rangi ya jiwe, Chipping Campden hadi Winchcombe

Nimeanza. Ni njia ya miguu ya Uingereza inayoitwa Cotswold Way, kilomita 164 kutoka mji mdogo wa Chipping Campden hadi Bath, na nimepanga kuitembea vipande vipande kila nikipata Jumamosi isiyo na kazi. Hadi leo nimemaliza vipande viwili, jumla kama kilomita 29. Sina haraka.

Kilichonitoa nyumbani ni jiwe. Babu yangu alikuwa fundi wa nyumba za mawe Lamu. Utotoni nilishinda naye akichagua mawe ya matumbawe, akigonga kila moja na kusikiliza mlio wake kabla ya kulikubali. Birmingham ninakoishi sasa nimezoea matofali mekundu. Siku niliyopita Cotswolds, eneo la vilima ambalo njia hii inalipita, kwa basi nikaona vijiji vizima, kuta, mapaa, hata mawe ya makaburi, vyote vya jiwe moja lenye rangi ya asali, sikulala vizuri. Nikaenda kusoma. Kumbe ni jiwe la chokaa, lilitandikwa chini ya bahari ya joto yenye kina kifupi miaka kama milioni 165 iliyopita. Limetoka baharini, kama letu. Huku kaskazini chuma kilichomo ndicho kinacholipa rangi ya asali. Ukiteremka kuelekea Bath linazidi kupauka. Basi mradi wangu ni huu: kila kijiji nachagua ukuta mmoja, nautazama kwa lenzi, naupaka kwa rangi za maji daftarini, na pembeni naandika wanyama na ndege niliokutana nao njiani.

Kipande cha kwanza, Chipping Campden hadi Broadway, mwisho wa Aprili. Treni hadi Moreton-in-Marsh, kisha basi. Nilikuwa nimejiambia nitakaa mjini nusu saa. Nilikaa saa mbili na nusu. Katikati ya barabara kuu kuna soko la mwaka 1627, lililojengwa na tajiri Baptist Hicks ili wauza siagi, jibini na kuku wapate kivuli. Halina kuta, ni matao tu pande zote, na sakafu yake ya mawe imelika kwa nyayo hadi unatembea kama uko juu ya mashua. Niliweka lenzi kwenye nguzo moja. Punje ndogo za duara zimebanana kama mayai ya samaki. Nilizipapasa kwa kidole gumba muda mrefu, na mzee mmoja aliyekuwa na mbwa wake akasimama kuniuliza kama nimepoteza kitu. Nilipomweleza, alinipeleka mwenyewe hadi nyumba ya William Grevel, ya miaka ya 1380 hivi. Grevel alikuwa mfanyabiashara wa sufu. Alifariki mwaka 1401, na kwenye bamba la shaba juu ya kaburi lake kanisani ameitwa ua la wafanyabiashara wa sufu wa Uingereza yote. Fedha za kondoo ndizo zilizosimamisha karibu kila kitu kikubwa kinachoonekana hapa.

Mapaa yalinishika kuliko kuta. Ni vigae vya mawe, vikubwa vimepangwa chini kwenye ukingo, vinapungua safu kwa safu hadi vidogo kabisa kileleni. Mteremko ni mkali kwa sababu jiwe hili hunywa maji, kwa hiyo mvua lazima iondoke upesi. Uzito wote huo umebebwa na mbao za mwaloni. Babu angeanza na swali la boriti, nina hakika.

Kilima cha Dover's Hill nilikipita kwa upepo mkali. Mnara wa Broadway, wa mwisho wa karne ya 18, uko mita 312 juu ya bahari, na huko juu kipozamataza walikuwa wakipanda angani wakiimba bila kukata pumzi. Ndege hawa hutaga chini kwenye nyasi, ndiyo maana nilibaki kwenye njia hata pale matope yaliponifika vifundoni. Kushuka Broadway ni kupita mashamba ya kondoo yenye matuta mapana yaliyoachwa na majembe ya karne nyingi zilizopita. Vitoto vya kondoo vilikuwa vimelala juu ya matuta, penye ukavu.

Kipande cha pili, wiki ya kwanza ya Mei, Broadway hadi Winchcombe, kama kilomita 19. Ukitoka Broadway unaingia msitu mdogo, na ardhi yote ilikuwa ya buluu, maua yenye umbo la kengele yameinamisha vichwa, katikati yake harufu kali ya kitunguu saumu mwitu. Hapo nilimsikia ndege kekeo (cuckoo), mara tatu tu. Watafiti wa BTO, shirika la utafiti wa ndege la Uingereza, wamekuwa wakiwafungia kekeo wa Uingereza vifaa vya setilaiti tangu 2011, wakagundua kwamba majira ya baridi wengi wako kwenye misitu ya bonde la Kongo. Nilisimama hadi nikahakikisha hataimba tena.

Stanton na Stanway ni nzuri, nimezipaka zote mbili, rangi bado ni ile ile ya asali. Sehemu niliyotaka kuifikia ilikuwa Hailes. Abasia yake, yaani nyumba ya watawa, ilianzishwa mwaka 1246 na Richard, ndugu wa mfalme Henry wa Tatu, kutimiza nadhiri aliyoiweka baada ya kunusurika dhoruba baharini. Ilifungwa mwaka 1539, na leo yamebaki matao machache yaliyosimama kwenye majani. Lakini ng'ambo ya barabara kuna kanisa dogo, la zamani kuliko abasia, na ndani ukutani kuna michoro ya miaka ya 1300 hivi. Mmoja unaonyesha mwindaji na mbwa wake, na mbele yao sungura amejikunyata. Asubuhi ile ile, kwenye shamba la ngano changa, nilikuwa nimemwona sungura amejibana hivyo hivyo, masikio yamelala mgongoni, hadi nikadhani ni bonge la udongo. Aliyechora ukuta ule aliwahi kumtazama sungura kwa makini. Nimemnakili daftarini kwa penseli, jaribio la nne ndilo lililokubali.

Nilifika Winchcombe jioni, mbayuwayu wakikata anga juu ya mapaa. Ukuta nilioupaka hapo una rangi iliyopungua kidogo. Nimelinganisha na ukurasa wa Campden chini ya dirisha mara mbili, na sijaridhika kwamba si mwanga wa jioni ulionidanganya. Kipande kijacho kinapanda Cleeve Hill, mita 330, juu kuliko kote Cotswolds. Nitapita Winchcombe saa sita mchana niupake ukuta ule upya kabla ya kupanda.