Umekonda! Umependeza! Unaumwa?

Jumapili usiku, nyumba nzima imelala, mi nimekaa kitandani na sketi ya bluu mapajani, pini mdomoni, naandika kwa kidole kimoja kwahiyo makosa mtanisamehe.

Ilivyo ni hivi. Miezi miwili iliyopita niliumwa tumbo, vidonda, sio stori ya kupendeza na sitaisimulia sana, ila kwa wiki kama tano nilikuwa nakula vijiko viwili narudisha sahani, usiku nimejikunja magoti yamefika kidevuni. Nimepona namshukuru Mungu. Niliingia na kilo 84 nikatoka na 75, kilo tisa zimeondoka bila kuaga.

Wiki iliyopita ndo nimeanza kutoka tena, na ndani ya siku moja, siku MOJA jamani, nimepata mapokezi mawili ambayo mpaka leo yananizunguka kichwani. Asubuhi binti ya kaka yangu, ana miaka 22, kafungua mlango mikono kichwani: "Shangazi! Umependeza! Siri nini?" Kabla sijajibu kashasogea, kashusha sauti, "ni sindano eeh?", yaani hizi za kupunguza uzito. Nikamwambia nilikuwa naumwa. Akasema pole, alafu bila hata kupumua, "lakini umetoka vizuri." Umetoka vizuri! Kama picha vile.

Jioni mama. Yeye hakusema kitu mwanzoni, alinishika mkono hapa juu ya kiwiko akabana kwa vidole viwili kama mtu anayepima kitambaa dukani, akauachia. "Mwanangu, una nini?" Nimepona mama. "Aliyepona ananenepa." Na tangu hapo kila asubuhi anapiga simu, hasalimii, anauliza tu nimekula nini, na nikimjibu anakaa kimya kidogo kama hakimu.

Mwili mmoja, siku moja. Huyu anapiga makofi, yule anaanza dua.

Nimekuwa nayawaza sana maneno. Kwa mama mtu mnene ananawiri, mwili umemkubali, "ana afya yake", na tukisema hivyo wote tunajua hatuzungumzii vipimo vya damu. Akikonda amekwisha, amepukutika. Mi mwenyewe utotoni nilikuwa nimenawiri, sijui ilikuwa mwaka gani hasa nikageuka kibonge, tipwatipwa, alafu nikiwa mtu mzima nikakuta kwenye karatasi ya kliniki nimeandikwa kiribatumbo. Kiriba, kwa asiyejua, ni ule mfuko wa ngozi wa kubebea maji. Natamani kujua nani alikaa mezani akaona hilo ndo jina zuri la kumpa mtu aliyekuja kupima presha. Siku hizi mitandaoni nimepandishwa cheo, mi ni plasi saizi, natakiwa nijipende na nipige picha nikiwa nacheka.

Tukirudi kliniki. Juzi nilienda kuangaliwa tumbo, nesi akanipandisha kwenye mzani, akatoa simu akapiga hesabu: kilo zako unagawa kwa urefu wako wa mita mara wenyewe. Mi ni mita 1.62. Zamani ilikuwa 32, sasa 28 na ushee. Ukifika 30 ndo hicho kiriba, kuanzia 25 mpaka hapo ni uzito uliozidi tu, yaani kwa kuumwa nimevuka mpaka. Nesi alifurahi kweli, akaniambia hongera, endelea hivyohivyo. Niendelee na nini dada, na vidonda?

Niliporudi nikaanza kusoma hiyo hesabu imetoka wapi, maana kitu kinachonipa jina nataka nijue baba yake. Kumbe ni Mbelgiji anaitwa Adolphe Quetelet, mtu wa hisabati na nyota, miaka ya 1830, na hakuwa daktari. Alikuwa anamtafuta "mtu wa wastani", anakusanya vipimo vya watu wengi aone wastani unaangukia wapi, unene wa mtu mmojammoja haukuwa shida yake kabisa. Hesabu ikakaa zaidi ya miaka mia, mpaka 1972 Mmarekani Ancel Keys na wenzake ndo wakaipa jina la BMI, na wao walikuwa wanatafuta kipimo cha kutafitia makundi ya watu, sio cha kumhukumu mtu akiwa amevua viatu mbele ya foleni.

Lililonichekesha mpaka nikashika tumbo (tumbo lenyewe hili bovu) ni la 1998. Marekani mstari wa uzito uliozidi ulikuwa 27.8 kwa wanaume na 27.3 kwa wanawake, mwaka huo wakaushusha ukawa 25 kwa wote. Mamilioni ya watu walilala wako kawaida wakaamka wamezidi, na hakuna aliyeongezeka hata gramu. Mstari ndo uliotembea.

Sasa sitaki mtu anielewe vibaya akadhani nasema uzito ni uzushi. Sukari ipo, presha ipo, na goti langu la kushoto limezifurahia hizi kilo tisa kuliko hata binti ya kaka, ngazi napanda sasa bila kushika ukuta. Hilo nalikubali. Ila goti langu halijawahi kunisema mbele za watu.

Na kusemwa hakujaanza leo, kinachobadilika ni kinachosemwa. Kuna kisanamu kilichimbuliwa Austria mwaka 1908, kirefu kama sentimita 11 tu, umri wake unakadiriwa miaka kama 30,000, mwanamke mnene wa mapaja na matiti na tumbo, kachongwa kwa uangalifu wa ajabu, ila uso hana. Wataalamu wanabishana alikuwa wa nini. Mi kila nikimwangalia nabaki kwenye ule uso usiokuwepo, mtu kakaa na jiwe siku nyingi anachonga kila mkunjo, alafu macho hakumpa. Alafu njoo London 1863, mzishi mmoja tajiri, William Banting, anachapisha kijitabu anaeleza alivyokuwa hawezi kuinama kufunga viatu na alivyokuwa akishuka ngazi kinyumenyume taratibu, kisha alivyopungua kwa kubadili chakula. Watu wakakigombania, jina lake likawa kitenzi cha kufanya dayati. Kwenye hicho kijitabu anasema alivyokuwa anadhihakiwa barabarani mpaka anakwepa kutoka. Miaka 160 iliyopita! Na 1967 New York, watu kama mia tano wakakusanyika Central Park kupinga kudharauliwa wanene, wakala mbele za watu makusudi na wakachoma vitabu vya dayati. Nawapenda hao bila kuwajua.

Alafu sayansi ikaingia. 1994 ikagunduliwa leptini, homoni inayotoka kwenye mafuta yenyewe kuuambia ubongo akiba iliyopo, na panya wasiokuwa nayo wanakula bila kusimama. Yaani njaa nayo ina waya zake, sio ulafi tu. 2013 chama kikuu cha madaktari wa Marekani kikatamka kuwa unene uliopitiliza ni ugonjwa. Niliposoma hilo mara ya kwanza nilipumua, nikasema haya, sasa sio uvivu wangu tena.

Nilipumua mapema. Maana kumbe mtu akiacha kukuita mvivu anaanza kukuita mgonjwa, na mgonjwa kila mtu ana ruhusa ya kumshauri. "Nakwambia kwa ajili ya afya yako." Hiyo sentensi nimeisikia kwa watu ambao hawajawahi hata siku moja kuniuliza presha yangu ni ngapi, nimeisikia kwenye lifti, nimeisikia msibani, kwa mtu mwenye sigara mkononi. Kosa langu la tabia lilikuwa langu, ugonjwa wangu umekuwa mali ya umma.

Na sasa hizi sindano. Ozempic ilipitishwa Marekani 2017 kwa wenye kisukari, 2021 dawa hiyohiyo kwa jina lingine ikapitishwa kwa kupunguza uzito, inaiga homoni ya utumbo inayokufanya ushibe mapema. Zinafanya kazi, hilo sibishani nalo, na anayezihitaji azipate. Lakini angalia kilichotokea kwenye midomo yetu: aliyepungua kwa sindano anaambiwa kapita njia ya mkato, ambaye hajapungua anaulizwa mbona hutumii, na mimi niliyepungua kwa kuugulia kitandani nashukiwa naficha siri. Binti ya kaka mpaka leo haamini, jana kaniandikia "shangazi mi siwezi kumwambia mtu".

Kuna kitu kimoja sijakiona kikiandikwa sana nacho ni viti. Mtu mnene akiingia mahali kabla hajaona watu anaona viti. Hiki cha plastiki miguu imepanuka, hapana. Hiki kina mikono ya pembeni, nitaingia lakini kutoka nitainuka nacho. Kile cha mbao kiko pembeni, sawa, lakini nikifika pale itabidi nipite katikati ya meza mbili. Hiyo hesabu naipiga sekunde mbili huku nacheka na kusalimia, nimeipiga miaka ishirini, na wiki iliyopita niliingia sehemu nikajikuta bado naipiga wakati viti vyote vilikuwa vinanitosha. Nikakaa kwenye cha plastiki. Nilikaa nusu, nusu nyingine nimeibeba mwenyewe kwa mapaja.

Sasa hii sketi. Fundi aliyeishona aliacha kitambaa cha ziada ndani ya mshono kila upande, vidole viwili hivi, akaniambia "nimekuachia ya baadae". Nilimkasirikia siku ile. Leo nimeivaa imezunguka kiunoni yenyewe mpaka zipu imekuja mbele, na wiki ijayo kuna harusi. Nimeibana kwa pini sita, nikakaa na mkasi kama nusu saa nataka nikate hiyo ziada, nikasikia vile vidole vya mama hapa mkononi. Nikaweka mkasi chini. Nimepiga bandi tu, zile nyuzi ndefu ndefu za kufumuka ukivuta mara moja.

Alafu nikaipiga picha sindano ikiwa bado na uzi, nikamtumia binti ya kaka. Nimemwandikia: haya, ndo hiyo sindano yenyewe.

Kaisoma, hajajibu.