Nyuzi za kijani kwenye kigogo

"Shangazi, mbona huu mmea umebeba mayai?" Mtoto wa kaka yangu kabandika pua kwenye kioo cha tangi. Swali lake limenirudisha kwenye lile tangi dogo la kufugia kamba wadogo wa majini, nyuzi zilipojitokeza mara ya kwanza.

Zilikuwa ndani ya shada la Taxiphyllum, ule mmea laini usio na mizizi tunaoufunga kwenye vigogo. Nyembamba kama uzi wa kushonea, kijani kibichi, zimepenya huku na huku. Wenzangu walishatoa hukumu: mwani huo, tia dawa. Lakini dawa nyingi za mwani zina shaba, na shaba huua kamba. Jina lilitakiwa kabla ya dawa.

Nilichomoa kipande kwa kibano nikakilaza kwenye kisahani cheupe chenye maji ya tangi lilelile. Weupe unaonyesha umbo, na maji yaleyale hayakishtui kiumbe chochote kilichong'ang'ania humo. Nikakigusa kwa ncha ya sindano, maana haidra nayo hudhaniwa kichipukizi, ila ni mnyama: ukiigusa hujikunja ikawa kitone. Hakikujikunja.

Mwani mweusi wa manyoya nao niliuondoa haraka kwenye dhana zangu. Huo huota vishungi vifupi vilivyoshika gogo kwa nguvu, na ukiuloweka kwenye spiriti hugeuka wekundu, kwa kuwa klorofili, ile rangi ya kijani, huyeyuka na rangi nyekundu iliyofichwa chini yake hubaki. Nyuzi hizi hazikushika popote. Vichipukizi vya jimbi vingekuwa vijani bapa, mara nyingi vya umbo la moyo.

Nikachukua lenzi ya kukuza mara 10.

Uzi ulikuwa na matawi yanayogawanyika tena na tena, hauna mzizi hata mmoja. Kwenye vijitawi vilining'inia vifuko visivyozidi milimita mbili, vinavyoangaza, mbavu zimebonyea kwa ndani, na mdomoni kila kimoja kina jozi ya nywele ndefu. Hapo jina likaja lenyewe: Utricularia, na kwa wembamba ule, Utricularia gibba. Mmea wa maua, tena mla wanyama. Mbavu zimebonyea kwa sababu mmea umesukuma maji nje. Mdudu akigusa vinywele vya mlangoni, mlango hufunguka kwa ndani na maji huingia naye kwa kasi, chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Nilikaza macho kwenye kifuko kimoja kilichobonyea, na ghafla kikawa kimetuna. Sikuona mlango ukifunguka. Hakuna jicho linaloweza. Nilichokiona ni kidoa cha kahawia ndani ya kifuko, bado kinazungukazunguka, na vifuko vya jirani vikiwa vimetulia vimebonyea vilevile. Nilikaa hapo hadi shingo ikauma.

Hayo ndiyo "mayai" ya mtoto.

Kuing'oa kuna hila yake. Ukiivuta kwa pupa hukatika, na kila kipande kilichobaki huendelea kuota. Shada hutolewa zima, likawekwa kwenye beseni jeupe, nyuzi zikachomolewa moja moja kuanzia ncha huku mpira mwembamba ukinyonya vipande vinavyoelea. Panapobana sana, kata sehemu hiyo ya shada uitupe kwenye takataka kavu, kamwe si mtaroni wala mtoni.

Kamba waliokomaa na samaki wakubwa haiwadhuru. Vifuko ni vidogo mno kwao. Inachokula ni viroboto maji na vijidudu vidogo zaidi, chakula kilekile cha vifaranga wa samaki wanaoanza kula. Kwa hiyo kwenye tangi la kuzalishia huing'oa yote. Kwenye tangi hili nimeiacha kona moja, na mpaka leo ninasita kila ninapoishika kwa kibano, kwa kuwa kona hiyo hupanuka haraka kuliko ninavyopenda.