Ruwenzori kwa bote za mpira: nilivyovuka Scott Elliot na Freshfield bila kupoteza kucha

Kabla sijatoka Goma kwenda milima ya Ruwenzori, mpakani mwa Kongo na Uganda, nilipewa mashauri matatu, na hakuna hata moja lililofaa. La kwanza: ukishapanda Nyiragongo, volkano yetu ya Goma, Ruwenzori ni matembezi ya jioni. La pili: nunua viatu vya ngozi vya mlimani, vile vya Ulaya, usiogope bei. La tatu: beba koti zito, mengine utayakuta huko.

Nyiragongo ina mita 3,470. Ilipokuwa wazi kwa wageni ulikuwa unaanzia Kibati asubuhi, mchana uko ukingoni, unalala usiku mmoja na kesho yake uko mjini unakula sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Njia ni mawe ya lava, na mvua ikinyesha maji yanazama chini papo hapo. Ruwenzori maji hayaendi popote. Yanakaa kwenye majani, kwenye kuvu la miti, kwenye tope la goti, na yakikosa pa kukaa yanakuingia wewe. Mimi nililala usiku tatu juu ya urefu wa Nyiragongo, na kilichotaka kunishinda si pumzi, ni miguu. Sisi watu wa Goma tunajua jiwe linalokula soli; tope la siku saba hatulijui.

Njia ya kwetu ya Mutwanga, inayopita Kalonge, Mahangu na Kiondo ndani ya hifadhi ya Virunga, ndiyo ningeipenda, lakini hali ya usalama upande wa Beni kila mtu anaijua. Kwa hiyo nilivuka Gisenyi, nikapita Musanze, Cyanika, Kisoro, Kabale, Mbarara hadi Kasese. Usisahau kadi ya homa ya manjano. Kila kitu pamoja, yaani mwongozaji, wapagazi, vibanda, kiingilio cha hifadhi, magari na bakshishi, kilinila dola elfu moja na kitu; hesabu kamili niliacha kuipiga Kabale.

Nilichagua mzunguko wa kutokea Nyakalengija, upande wa Uganda, unaovuka mapito mawili ya juu, Scott Elliot na Freshfield, bila kupanda Margherita. Kilele hicho, mita 5,109, kinataka kamba, mkanda wa kiunoni na meno ya chuma ya kutembelea juu ya barafu. Watu walinicheka: unaendaje Ruwenzori usiguse theluji? Siku ambayo wengine wanaitumia kwa kilele mimi niliitumia kupumzika kwenye kibanda cha Bujuku, na nitaeleza kwa nini nadhani nilipata faida kuliko wao.

Kwanza bote. Wapagazi wote wanavaa bote za mpira, zile za wakulima, na wanajua wanachofanya. Kiatu cha ngozi kikilowa siku ya pili hakikauki mpaka urudi nyumbani. Bote ya mpira unaimwaga maji, unaifuta ndani kwa kitambaa, unavaa. Lakini ina ubaya wa aina tatu: kisigino kinacheza ndani, ukingo wa juu unakwaruza shavu la mguu, na maji yakishapita ukingo hayana pa kutokea.

Mbili za mwanzo nilizimaliza nyumbani. Nilichukua namba moja zaidi ya ninayovaa, soksi nyembamba ya nailoni ndani na ya sufu nzito juu yake, na chini nikakata soli ya blanketi la zamani, jozi mbili ili moja ikilowa nyingine iwe kavu. Soksi ya sufu ipite ukingo wa bote na ikunjwe juu yake. Hapo shavu la mguu halikwaruzwi.

Ubaya wa tatu ulinipata mzimamzima. Siku ya pili, kati ya Nyabitaba na daraja la Kurt Schafer, mvua ilianza nami nimechomeka suruali ya mvua ndani ya bote, nadhifu kama askari wa gwaride. Fikiria mwenyewe: maji yanateremka kwenye koti, yanaingia kwenye suruali, suruali inayapeleka moja kwa moja ndani ya bote. Nilikuwa nimejijengea bomba. Tulipofika darajani, pale mito ya Bujuku na Mubuku inapokutana, kila mguu ulikuwa ndoo. Mwongozaji hakucheka. Aliniketisha, akavuta suruali ikawa nje ya bote, akasema kwa Kiswahili cha Kasese, "Mzee, maji yana akili kuliko wewe." Kweli.

Suruali ikae nje, lakini ikiachwa hivihivi inapepea, inakamata miiba na tope linaingia kwa chini. Hapa ndipo mipira ya baiskeli niliyobeba kutoka Goma ikapata kazi mbili. Mtu yeyote aliyesimama kwa fundi wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, ameona vipande vya mpira vikitupwa chini. Nilichukua mpira wa ndani wa baiskeli, nikaukata kwa urefu ukawa utepe wa vidole vitatu upana, mita moja na kidogo kwa kila mguu. Unaanzia juu ya unyayo, unapita chini ya bote kwenye ule uwazi mbele ya kisigino, si chini ya kisigino chenyewe, maana hapo utateleza na mpira utakatika ndani ya saa moja. Unarudi juu, unazungusha nyuma ya kifundo, unamalizia mbele kwa fundo la kufunguka kwa kuvuta. Kisigino hakichezi tena. Kipande kingine kifupi kinafungwa chini ya goti juu ya suruali, na bomba limezibwa.

Nilijaribu kwanza kwa kamba ya nailoni. Ikilowa inalegea, ukiikaza inakata. Mpira wenyewe nao siku ya kwanza ya kuutumia niliukaza kupita kiasi, na kabla ya kufika kibanda cha John Matte vidole vya mguu vilikuwa vimekufa ganzi. Nikadhani ni baridi, kumbe ni mimi. Kipimo chake: kidole kimoja cha mkono kipite chini ya utepe bila shida.

Bigo sasa. Baada ya John Matte, kwenye mita 3,400 hivi, unaingia kinamasi, cha chini kisha cha juu. Sehemu nyingine zina daraja la mbao, nyingine huna ila mafungu ya nyasi yaliyoinuka kama vigoda. Kanyaga katikati ya kifungu, usikanyage pembeni. Pembeni kinainama na kukumwaga. Tanguliza fimbo. Ikizama zaidi ya mkono wa mbele, tafuta kifungu kingine. Kwenye mbao zilizolowa weka unyayo wote kwa pamoja, na usijishike kwenye ile miti mikubwa ya senesio: magome yake ni majani yaliyokufa na kuvu, utabaki umeyakumbatia unaenda nayo chini. Anza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, maana mawingu hujaa mchana, hata katika miezi mikavu ya Januari na Julai.

Kuhusu nguo sheria ni moja na haina huruma. Seti moja ya kutembea, hiyo ni ya kulowa. Seti moja ya kulalia, haitoki nje ya kibanda hata kwa dakika moja, na inasafiri pamoja na mfuko wa kulalia ndani ya sashe nene mbili, yaani mifuko ya plastiki, moja ndani ya nyingine, kila moja imepotolewa mdomo, ikakunjwa na kufungwa. Sashe moja haitoshi. Inatobolewa na mwanzi siku ya pili. Asubuhi unavua kavu unavaa soksi za jana zenye maji, na hapo ndipo nilisikia wanaume wazima wakilalamika kama watoto. Usiku chupa ngumu ya maji ya moto, ndani ya soksi, kati ya mapaja. Lile koti zito? Lilikuwa mzigo mpaka mwisho.

Na makala, yaani makaa. Usiingize jiko la makala unapolala, hata kama baridi inakutoa machozi. Mtu wa Goma anayejua mazuku, ile gesi ya volkano inayokaa mabondeni, haambiwi mara mbili habari ya hewa inayoua bila harufu.

Chakula: usibebe maharagwe makavu. Kwenye mita 4,000 maji yanachemka kwenye nyuzijoto 87 hivi, basi unachemsha na kuchemsha na hayaivi, mafuta ya taa yanaisha. Mpishi wetu alijaribu Bujuku, tulikula changarawe. Bugali wa muhogo unakubali, sambaza kavu zinakubali, dengu zilizolowekwa zinakubali kwa shida.

Sasa ile siku ya kupumzika. Bujuku iko mita 3,962. Kutoka hapo unapanda katikati ya senesio, unashika ngazi ya chuma, kisha miamba hadi Scott Elliot, mita 4,372. Ukivuka unateremkia maziwa mawili ya Kitandara, kibanda kiko mita 4,023. Pazuri kuliko pote. Lakini angalia hesabu: Kitandara ni shimo katikati ya mapito mawili. Ukiugua kichwa usiku, huwezi kushuka. Mbele kuna Freshfield mita 4,282, nyuma kuna Scott Elliot. Njia zote mbili zinapanda kwanza. Kwa hiyo uamuzi haufanyiki Kitandara, unafanyika Bujuku, mahali ambapo bado unaweza kurudi John Matte kwa miguu yako. Sisi tunaoishi Goma tuko kwenye mita 1,500 tayari, tuna kafaida kadogo, si zaidi.

Usiku wa kwanza Bujuku kichwa kiliniuma. Nilibaki siku nzima, nikatembea kidogo kuelekea juu, nikarudi kulala palepale. Asubuhi ya pili maumivu yalikwisha, hamu ya kula ikarudi. Kama yangebaki, ningegeuka. Jipime hivi: tembea mstari mmoja, kisigino kigusane na kidole, hatua kumi. Ukiyumba kama mtu aliyetoka kwenye bia ya Primus, ni ubongo, shuka sasa hivi hata kama ni usiku. Kukosa pumzi ukiwa umekaa, vilevile. Nilimeza asetazolamidi, miligramu 125 asubuhi na jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Daktari alinishauri baada ya kuniuliza kama dawa za salfa zinanidhuru. Itakuwasha vidole na kukuamsha kukojoa, usishtuke. Na usiitumie kuficha maumivu ili usonge mbele.

Freshfield tulifika saa nne asubuhi kabla mawingu hayajajaa. Magharibi ni Kongo. Wapagazi ni Wakonzo, Kinande changu cha Butembo kilinitosha tangu salamu ya kwanza ya "wabukire" getini, na pale juu tulibishana kwa lugha moja kuhusu upande upi ni wa nani. Chini kidogo unapita mwamba wa Bujongolo, kambi ya mtemi wa Abruzzi wa Italia mwaka 1906.

Kutoka kibanda cha Guy Yeoman kushuka ndiko kucha zinakofia. Kata kucha siku nne kabla ya safari, si usiku wa kuamkia. Kabla ya kila mteremko mrefu funga upya mpira, kisigino kirudi nyuma kabisa, na kwenye tope kali geuza mwili ubavu.

Bote usirudi nazo Goma. Lava itazikata soli kabla ya mwezi kwisha. Zangu zilibaki Nyakalengija kwa mpagazi mwenye mguu kama wangu. Mipira nilirudi nayo.