Daladala Ipite Mtaani Kwetu, Lakini Isigeuzie Hapa

Tangu barabara ya mtaa wetu iwekwe lami, jambo tulilolisubiri kwa miaka mingi na kulishangilia kwa siku chache tu, wakazi tumegawanyika juu ya swali moja: je, daladala ziruhusiwe kuingia? Mtaa uko Kimara, Dar es Salaam, upande wa bondeni, yapata kilomita mbili kutoka Barabara ya Morogoro, na anayeifahamu Kimara hahitaji kuelezwa kwamba kilomita mbili hizo ni za kupanda na kushuka. Wamiliki kadhaa wa Hiace wameonyesha nia ya kuomba leseni ya njia itakayoanzia Kimara Mwisho, kwenye stendi ya barabara kuu, hadi lami yetu inapoishia. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kwa busara ambayo nampongeza kwayo, alikataa kuwajibu lolote kwa niaba yetu kabla ya kuitisha mkutano wa wakazi.

Nimehudhuria mikutano mingi ya mtaa ambayo watu wake hupatikana kwa kubembelezwa, lakini safari hii viti vilivyokodiwa havikutosha na wengine walisimama ukutani tangu dua ya kufungulia hadi giza lilipoingia. Hata wapangaji, ambao kwa kawaida husema mambo ya mtaa ni ya wenye nyumba, walikuja kwa wingi.

Msomaji aliye mbali aelewe kwanza kwamba mgogoro huu haukuzuka kwa sababu hatuna usafiri mkubwa. Mabasi yaendayo haraka yalipoanza kazi Mei 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, katika awamu ya kwanza yenye urefu wa kilomita 20.9, nyingi kati ya daladala zilizokuwa zikienda mjini kwa njia hiyo ziliondolewa. Kisha barabara ya kutoka Kimara kwenda Kibaha ikapanuliwa kuwa ya njia nane, kazi iliyotanguliwa na bomoabomoa ya 2017 ambayo wapo majirani wetu wanaoizungumzia hadi leo kama msiba. Kwa hiyo kwenye barabara kuu fedha imetumika, lami imemwagwa na vituo vimejengwa. Safari ambayo haikushughulikiwa na mtu ni ile ya kutoka mlangoni pa nyumba hadi kituoni, na hiyo iliachiwa bodaboda, bajaji na miguu ya mwenye safari.

Bodaboda wa kijiweni kwetu anatoza shilingi 1,000 kwenda kituoni mchana, na mvua ikinyesha au usiku ukiingia bei hupanda hadi 2,000 bila mjadala. Kwa viwango vilivyotangazwa mwishoni mwa 2023 na LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, nauli ya daladala kwa safari isiyozidi kilomita 10 ni shilingi 600 kwa mtu mzima na 200 kwa mwanafunzi. Kwa mtu mzima tofauti hiyo si ya kubadilisha maisha, ingawa mtu anayekwenda na kurudi kazini siku 26 kwa mwezi angeokoa shilingi 20,800. Kwa mwanafunzi hesabu ni nyingine kabisa. Bodaboda hana nauli ya mwanafunzi. Mtoto wa sekondari anayekwenda na kurudi kwa siku 22 atalipa shilingi 44,000 kwa pikipiki na 8,800 kwa daladala, na kwa kuwa wazazi wengi hawana hizo 44,000, mtoto anatembea. Mama mmoja mwenye genge alisimama akasema kwamba binti yake hutoka nyumbani saa kumi na moja kasoro alfajiri, giza likiwa bado nene, na kwamba yeye humsindikiza akiwa na tochi ya simu hadi kwenye taa za barabara kuu ndipo arudi kufungua genge. Hakuongeza neno, akaketi. Nadhani hakuna aliyeitetea daladala vizuri kuliko yeye.

Upande wa pili ulikuwa na watu ambao ni rahisi kuwadhihaki, na baadhi yetu tuliwadhihaki kwa minong'ono, kwamba wana magari yao na hawajali wanaotembea. Si kweli kwa wote. Mwalimu mmoja mstaafu, ambaye hana gari wala baiskeli, alikuwa mkali kuliko wenye magari. Nyumba yake iko ukingoni mwa barabara kiasi kwamba ukuta wa chumba cha kulala na mtaro vimetenganishwa na hatua chache tu. Hoja zake alikuwa ameziandika kwenye daftari: lami haina njia ya waenda kwa miguu, mitaro iko wazi, watoto wa chekechea hupita katikati ya barabara kwa sababu hakuna pengine pa kupita, na kwenye kona ya msikitini gari la kunyonya maji taka likikutana na gari dogo, mmoja lazima arudi nyuma. Akamalizia kwa kuuliza nani atasimama pale konani saa kumi na mbili asubuhi kuamua nani arudi. Wazee walitikisa vichwa kwa kukubali. Kijana mmoja akajaribu kumjibu kwa utani, akisema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini mwalimu hakucheka.

Vijana wa bodaboda walisimama nyuma ya viti, kofia ngumu mikononi, na ilikuwa dhahiri kwamba wanahofia mkate wao. Msemaji wao alikumbusha kwamba wagonjwa wa usiku wa manane hubebwa na wao, na kwamba daladala ikishawaua kibiashara, hiyo saa nane ya usiku tutawatafuta tusiwaone. Ni hoja yenye ukweli ndani yake, ingawa haiwezi kuwa sababu ya kumnyima mwanafunzi nauli ya shilingi 200. Papo hapo akapata jibu kutoka kwa bibi mmoja ambaye magoti yake hayamruhusu kupanda pikipiki, na ambaye kila siku ya kliniki hulazimika kukodi bajaji kwenda na kurudi. Bibi alimwita "mjukuu wangu", akamwambia kwa upole kwamba yeye hajawahi kuwa mteja wake na kwa umri alio nao hatakuwa.

Baada ya saa mbili za kusikiliza nilianza kuona kwamba tulikuwa tunazungumzia magari mawili tofauti. Waliokuwa wakitaka daladala walikuwa na picha ya gari linalopita, lile unalolipungia mkono, likasimama, ukaingia, likaondoka. Waliokuwa wakiikataa walikuwa na picha ya gari lililosimama. Na wote walikuwa sahihi, kwa sababu daladala yetu ya Dar es Salaam huwa magari yote mawili kwa siku moja, kutegemea iko mwanzoni, katikati au mwishoni mwa njia.

Hapo inabidi kueleza jambo ambalo kila abiria analijua lakini mkutanoni halikutajwa na mtu. Dereva wa daladala kwa kawaida hana mshahara. Ana hesabu, yaani kiasi alichokubaliana na mwenye gari kukipeleka kila jioni, na mafuta ni juu yake. Kinachobaki ndicho anachogawana na konda. Gari likitoka mwanzo wa njia likiwa na watu watano, safari hiyo ni hasara yake yeye, si ya mwenye gari. Kwa hiyo anasubiri, na konda anaita. Honi ya alfajiri itakayomwamsha mwalimu mstaafu haitokani na utovu wa adabu wa dereva, au tuseme haitokani na huo peke yake. Inatokana na makubaliano ya fedha yaliyofanywa kati ya watu wawili ambao pengine hakuna hata mmoja wao anayeishi Kimara.

Mtaa wa jirani walishapata daladala, na yeyote anaweza kwenda kuona gari linapogeuzia. Hiace inasimama nusu juu ya lami na nusu juu ya mtaro uliofukiwa kwa kifusi, injini haizimwi, mlango wa pembeni uko wazi, na konda anapiga bodi kwa kiganja huku akiita Kimara Mwisho, Kimara Mwisho, wawili tunaondoka, wakati ndani ya gari wamo watu wanne. Nyuma yake kuna Hiace ya pili inayosubiri zamu. Kwa kuwa watu wanasubiri, mama wa chapati ameweka jiko. Kwa kuwa kuna chapati, kuna benchi. Kwa kuwa kuna benchi, vijana wa kucheza drafti hawakosekani. Ukuta wa nyumba iliyo karibu umeandikwa kwa rangi nyekundu kwamba ni marufuku kukojoa hapa, na harufu inathibitisha kwamba maandishi hayo hayasomwi. Mita 200 kabla ya hapo, kwenye mtaa uleule na kwa Hiace zilezile, hakuna malalamiko yoyote, kwa sababu kule magari hupita tu.

Sitamani turudi enzi za UDA, shirika la mabasi ya Dar es Salaam lililoanzishwa 1974, ambalo madereva wake walikuwa na mshahara lakini mabasi yenyewe yakawa haba mno hata ikabidi magari ya watu binafsi yaruhusiwe rasmi 1983. Wazazi wetu walisimama vituoni masaa kwa masaa. Ninachosema ni kwamba mfumo wa hesabu una tabia zake, na mtaa unaotaka kuukaribisha uzijue tabia hizo na kuziwekea mipaka mapema, kabla benchi la kwanza halijaletwa. Wapo waliopendekeza tuombe basi mlishi la mwendokasi, yaani la kuwaleta abiria kwenye mabasi yaendayo haraka, badala ya Hiace, na kwa nadharia hilo ndilo jibu bora zaidi, kwani dereva wake hana sababu ya kusubiri abiria wa mwisho. Lakini basi la mita 12 kwenye kona ya msikitini ni ndoto.

Nilipopewa nafasi nilitoa pendekezo ambalo naliandika hapa kwa kirefu, kwa kuwa dakika tatu za mwenyekiti hazikunitosha. Daladala iingie kwa mtaa wetu, ivuke upande wa chini, na itokee barabara kuu kwa mtaa wa jirani, ili njia nzima iwe mzunguko usio na mwisho huku ndani. Mahali pa kusubiri zamu na kujaza abiria pabaki Kimara Mwisho, ambako stendi ipo, choo kipo, na hakuna anayelala. Ndani ya makazi kuwe na vituo vichache vilivyopakwa alama, dukani, zahanati na shuleni, na gari lisisimame kwingine. Barua yetu kwa LATRA iyaombe mambo haya yaandikwe kwenye masharti ya leseni ya njia, kwa sababu makubaliano ya mdomo na dereva wa leo hayamfungi deiwaka, yaani dereva wa kushikilia kwa siku, wa kesho. Kwa namna hiyo hata wakazi wa mtaa wa jirani wangeondokewa na kile kijiwe chao.

Wengi walikubali, kisha fundi mmoja aliyejenga nusu ya nyumba za bondeni akauliza gari litavuka vipi. Na hapo ndipo mjadala wa daladala ulipogeuka kuwa mjadala wa kalavati. Kipande kinachounganisha mitaa miwili ni kifupi, hakifiki hata mita 150, lakini hakina lami, na kalavati lake lilikatika upande mmoja wakati wa masika. Pikipiki hupita kwa kuambaa ukingo, na Hiace haiwezi. TARURA, wakala unaosimamia barabara za mijini na vijijini tangu 2017, ndio wenye mamlaka ya kujenga pale, na bajeti ya barabara haipangwi kwa sababu mkutano wa mtaa umekubaliana jambo Jumamosi jioni.

Wamiliki wa Hiace, ambao walikuwa wamekaa kimya muda wote, wakajitolea kuleta mawe na mchanga kwa gharama zao. Mwalimu mstaafu akapinga mara moja, na safari hii nilikuwa upande wake kwa sehemu: mtu akijenga kalavati kwa fedha yake, kesho atadai njia ni yake na kugeuzia anapotaka. Mwenyekiti akaunda kamati ya watu saba, nami nimo, ya kuandika barua mbili, moja kwa TARURA kuhusu kalavati na nyingine kwa LATRA kuhusu masharti ya njia. Tumekubaliana pia kwamba ujenzi wowote wa kujitolea upite kwa mhandisi wa wakala na michango iandikwe kwa jina la mtaa, iwe imetoka kwa mwenye gari, mwenye genge au mwenye kijiwe cha bodaboda.

Msimamo wangu kwenye kamati nimeshautangaza. Kalavati likijengwa, nitapiga kura ya ndiyo siku hiyohiyo. Lisipojengwa, na wamiliki wakaomba kugeuzia mwisho wa lami kwa muda tu, kama walivyoanza kunong'ona, nitapiga ya hapana, na nimemwomba mama wa genge radhi mapema, maana najua kura hiyo itamrudisha barabarani na tochi yake. Yeye alinijibu kwamba radhi haimfikishi binti kituoni, na akataka kujua kamati itakutana lini. Tumepanga Jumapili baada ya ibada, na barua ya TARURA ndiyo itakayoanza.