Miraba thelathini na sita

Julai 2019, Moshi ikiwa kwenye baridi yake, nilitandika sakafuni miraba 168 ya kroshia nikiamini imebaki kazi ya kuunga tu. Safu 14, kila safu miraba 12, kila mraba sentimita 15: blanketi la sentimita 180 kwa 210, la dada yangu aliyekuwa anaolewa Septemba. Safu 11 za juu zilikaa sawa. Tatu za chini zilitokeza pembeni kwa sentimita 12.

Nikachukua futi. Miraba ya mwanzo ilikuwa 15, hii ya mwisho 16. Sentimita moja si kitu kwenye kitambaa cha kochi, lakini kwenye blanketi inajirudia mara 12, na ukilazimisha kuunga, upande mrefu unajikunja mawimbi ambayo pasi haiyatoi.

Sindano ilikuwa ile ile, namba 5, na uzi ule ule wa akriliki. Kilichobadilika ni mkono. Mwanzoni nilikuwa nazungusha uzi mara mbili kwenye kidole cha mwisho. Miezi ilivyokwenda nikawa nazungusha mara moja, uzi ukateleza, vitanzi vikalegea. Mraba wa kwanza ulipaswa kubaki mezani kama kipimo, na kila mraba wa kumi ulazwe juu yake.

Mama, ambaye vitambaa vyake viko kwenye makochi ya nusu ya mtaa, aliinama akavuta kona moja. "Usifumue yote, mwanangu. Toa mizunguko miwili ya nje, urudie kwa sindano nyembamba zaidi, namba 4."

Mzunguko wa tano una nguzo, yaani mishono mirefu ya kroshia, 60; wa sita, ambao ndio wa mwisho, 72. Mara miraba 36, ni nguzo 4,752. Kufumua kwenyewe kulinichosha kuliko kufuma, kwa sababu mikia ya uzi nilikuwa nimeshaificha. Kwanza unaitafuta kwa ncha ya sindano, unaitoa bila kukata, ndipo uzi unakubali kukimbia. Nao ukitoka unakuwa na mikunjo kama nywele zilizofumuliwa misuko; ukiufuma hivyo hivyo, vitanzi havilingani. Niliuzungushia mgongo wa kiti, nikaulowanisha kwa maji, nikauacha hadi asubuhi.

Miraba iliyorudiwa ilituna kidogo katikati. Niliibana kwa pini juu ya taulo, nikapitisha mvuke wa pasi kwa juu bila kugusa. Akriliki ikiguswa na pasi ya moto inalala moja kwa moja, haiinuki tena.

Kwenye kuunga, uzi wa rangi ya maziwa ukaisha. Dukani rangi ilikuwa ile ile kwa jina, lakini namba ya mkupuo wa rangi kwenye lebo tofauti, na kweli mpya ulikuwa wa njano zaidi. Nikafumua pindo nililokwisha anza, nikamalizia kuunga kwa uzi wa zamani uliotoka humo, na ule mpya nikautumia wote kwenye pindo, mizunguko mitatu, ili tofauti isikatike katikati ya upande.

Mikia mipya niliacha sentimita 15, nikaipitisha kwa sindano butu kwenda, kuruka uzi mmoja, kisha kurudi. Ya sentimita 3 huchomoka kwenye kufua.

Lilikuwa na kilo 2 kavu. Baada ya kufuliwa tulilinyanyua wawili, mama na mimi, tukalilaza kivulini juu ya mikeka miwili. Kwenye kamba lingevutika kwa uzito wa maji.